Mwalimu wa Mabirika ya Chuma

Sikuwahi kumpenda, na ni heri niliseme hilo mapema kabla sijaanza kumsifu, maana kumsifu nako kutanibidi. Kwa miaka minne nilikwenda kwake mara tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya kufungua kibanda changu cha cherehani, na sikumbuki siku hata moja niliyovuka mlango wake bila kukunja uso.

Pale Same tulimwita Mwalimu. Aliwahi kufundisha michezo katika shule za msingi, akastaafu, jina likabaki. Kwao ni wapi na baba yake nani sikuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kukueleza. Nilichojua ni kwamba alikuwa na ghala, na ndani ya ghala alikuwa na vyuma vinne.

Ghala lile zamani lilihifadhi ngozi za mbuzi na ng'ombe waliochinjwa mjini. Ngozi ziliondoka, harufu ikabaki. Mwezi wa saba, upepo wa baridi ukishuka kutoka milimani, ungeweza kuisahau kidogo. Lakini Same ni mji wa jua. Bati likishapata moto, sakafu ilianza kutoa mafuta ya miaka mingi, na ile harufu ya chumvi na nyama iliyochacha ilikupanda mpaka ukaionja kwenye meno. Nilikuwa nikirudi nyumbani naoga, navua nguo naziloweka, na bado mchana nikiinamia kitambaa cha mteja naisikia kwenye nywele zangu. Siku moja nilimwambia. Alinishangaa kweli.

"Harufu gani, fundi? Hiyo ni harufu ya kazi."

Kilichonipeleka pale ni mgongo. Nilikuwa nimeinamia sindano miaka ishirini, na ilifika mahali saa nane mchana siwezi kuinuka kwenye kiti bila kushika meza kwa mikono miwili. Nesi aliyenipima aliniambia mifupa yangu haina ugonjwa, ila misuli ya kuishikilia, ya tumbo, kiuno na mgongo, imelala usingizi. Akasema nikamwone Mwalimu. Aliposema hivyo aliangalia pembeni, nami sikuelewa kwa nini mpaka nilipofika.

Vyuma vyenyewe aliachiwa na mgeni mmoja aliyekuja kwa kazi ya visima. Ni matufe ya chuma, kila moja na mshikio juu yake, kama birika lisilo na mdomo. Mwalimu alituambia hata Wazungu wenyewe wameyapa jina la birika, basi nasi tukayaita hivyo. Kulikuwa na birika la kilo nne, la nane, la kumi na mbili, na moja kubwa la kilo ishirini na nne alilolipaka rangi nyekundu. Hilo lilikaa peke yake kwenye kona na halikuguswa ovyo.

Alikuwa mtu wa ugoro. Aliuweka chini ya mdomo tangu asubuhi, na mkononi alishika kopo la maziwa ya unga la kutemea. Alikuhesabia pumzi, akatema. Alikusahihisha goti, akatema. Ute mwingine haukufika kwenye kopo, ulining'inia kidevuni kama uzi wa kahawia, na yeye akaendelea kuongea nao. Siku nyingine aliingia na bakuli la supu ya utumbo, akasimama mbele yetu akitafuna huku sisi tumeinama matumbo matupu, matone yakimwangukia kifuani. Vidole vile vile vyenye mafuta ndivyo alivyotumia kukushika bega akunyooshe. Kucha zake za miguu zilikuwa ndefu, za njano, zimekunjika kama pembe za kondoo. Alifundisha pekupeku, na ukiinama vizuri kama anavyotaka, macho yako yanatua hapo hapo.

Mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko kopo. Tulikuwa wanawake saba au wanane, wengi wetu tumeshazaa, tumevaa suruali na khanga juu. Aliweza kusimama mbele ya mtu mzima mwenye wajukuu, akamdidimiza kidole tumboni mpaka kikazama, akasema, "Hii si nyama, huu ni uvivu." Halafu akajifutia kidole kwenye shati, kana kwamba mchafu ni yule mama. Wengine walicheka kwa woga. Nami nilicheka, mara moja. Nakumbuka sauti ya kicheko changu, na sipendi kuikumbuka.

Hata hivyo alijua kazi yake.

Wiki tatu za kwanza hakunipa chuma chochote. Alinipa mti wa fagio. Niliushika nyuma yangu, mkono mmoja shingoni na mwingine kiunoni, na sharti lilikuwa mti uguse mahali patatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa mkia. Halafu niiname kwa kurudisha makalio nyuma, kama mtu anayefunga mlango wa gari huku mikono imejaa mizigo. Mti ukiachana na mgongo mahali popote, tunaanza upya.

"Mgongo si bawaba," alisema. "Bawaba ni nyonga. Mlango unaokunjika katikati umeshavunjika."

Wiki ya nne akaniwekea birika la kilo nne kati ya nyayo. Miguu upana wa nyonga, nyonga nyuma, kifua kinatazama mbele, mabega yameshuka. "Shika. Usiinue. Vuta pumzi mpaka chini ya kitovu. Sasa kaza tumbo kama mtu anayengoja kupigwa. Kaza pande zote, hata nyuma. Sasa sukuma ardhi." Hakusema inua. Kamwe. Alisema sukuma ardhi, na ukiisukuma, chuma kinapanda chenyewe.

Baada ya hapo kulikuwa na kutembea. Unashika birika kwa mkono mmoja, mwingine mtupu, unatembea hatua ishirini bila kuegemea upande wowote. Mtu wa nje akiangalia anaona mwanamke anatembea na birika. Lakini ukilifanya sawasawa, upande usio na mzigo ndio unaoungua, kuanzia mbavuni mpaka kwenye nyonga, kwa sababu ndio unaokuzuia usianguke. Mwalimu alitembea kando yangu, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza injini. Nikijidanganya kwa nusu inchi aliona. Nikiumia nikaficha aliona pia, akasema, "Weka chini, fundi. Leo umelala vibaya." Na kweli nilikuwa nimelala vibaya.

Mwezi wa tatu nilishona gauni la harusi kuanzia asubuhi mpaka jioni, nikainuka kwenye kiti mikono ikiwa imeshika kitambaa. Nilisimama pale kibandani nikalia. Mgongo wangu ulirudishwa na mtu ambaye nisingeweza kunywa maji kwenye kikombe chake.

Kulikuwa na taulo moja la kijani, la ghala zima. Lilining'inia kwenye msumari karibu na mlango, na kila aliyemaliza alijifutia. Nami nilijifutia uso kwa muda wa miezi miwili hivi. Siku moja maji ya bombani yalikatika, nikazunguka nyuma kutafuta pipa ninawe mikono. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja, mlango wazi. Ndani niliona kitanda, na juu yake mwanamke mzee sana, mwembamba kama kuni, amelala bila nguvu. Alikuwa mama yake. Sikuwahi kujua kama yupo. Mwalimu alikuwa ameshamvua, anamsafisha. Alimsafisha taratibu, kwapa, mapaja, kila mkunjo, akimwelezea kwa Chasu, lugha ya Wapare, habari za mjini kana kwamba wamekaa barazani. Kisha akatanua miguu, akarudisha nyonga nyuma, akapitisha mikono chini ya yule bibi, nikamsikia akisema kwa Kiswahili, "Pumzi kwanza, mama." Akamwinua. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama reli. Sijawahi kuona mtu akiinuliwa vizuri namna ile.

Alipomlaza kwenye shuka safi, alichukua kile alichokuwa akimfutia, akakikung'uta, akakitupia begani. Kilikuwa lile taulo la kijani. Akapita mbele yangu bila kuniona, akalirudisha kwenye msumari wake.

Nilitapika nyuma ya ukuta mpaka nikatoa nyongo. Na wakati natapika nilikuwa naona aibu, maana nilikuwa nimetoka kuona jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwa mtoto wa kiume, na mwili wangu ulikuwa unalijibu hivyo. Kesho yake nilikuja na taulo langu. Aliliangalia, akaniangalia mimi.

"Umeniona mchafu, fundi."

"Hapana, Mwalimu. Ni mazoea tu."

Akatema kwenye kopo. Hakulizungumzia tena, wala hakulifua la kwake.

Nije sasa kwa mama wa Suji, kwa sababu ndiye anayenifanya niandike.

Huyu alikuwa mama wa makamo anayenipita umri kwa miaka kama kumi na tano, mkulima wa juu kule Suji, mwimbaji wa kwaya. Alishuka na ndizi na tangawizi siku za soko, akalala kwa binti yake pale mjini, na binti ndiye aliyemleta ghalani kwa ajili ya kiuno. Hakuwa na maneno mengi. Mwalimu alipomdidimiza kidole tumboni siku ya kwanza, alikishika kile kidole, akakiondoa, akakirudisha kwa mwenyewe kama mtu anayerudisha kitu kilichoanguka. Akasema, "Endelea kufundisha, Mwalimu." Ni yeye peke yake aliyewahi kufanya hivyo.

Alikuwa ameshatumia mti wa fagio wiki zake tatu, na ndiyo kwanza ameanza na birika la kilo nane, siku walipokuja wageni wawili. Walikuwa walimu wa zamani, wenzake, watu wenye vitambi na funguo za magari. Walisimama mlangoni wameziba pua, wakicheka.

"Kumbe ni kweli," mmoja alisema. "Umestaafu uje kuwafundisha kina mama kubeba mabirika. Si wanabeba nyumbani?"

Niliona uso wa Mwalimu ukibadilika. Aliangalia huku na huku, akamwona mama wa Suji, mwili wake mkubwa na mikono ya jembe.

"Mama, chukua lile jekundu."

"Mwalimu, lile sijalishika hata siku moja."

"Mkungu wa ndizi unaobeba ni kilo ngapi? Chukua."

Alilichukua. Alifuata kila kitu, nyonga, pumzi, akasukuma ardhi, likapanda. Wageni walipiga makofi. Ingeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusema. Lakini Mwalimu alikuwa ameshalewa yale makofi. Akamwambia alishike kwa mkono mmoja atembee. Mtu wa wiki nne. Mama aliniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa karibu, na nilikuwa wa zamani pale. Nilijua haifai. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Hatua tano alikwenda sawa. Ya sita Mwalimu aligeuka kuwaeleza wageni jambo fulani, akampa kisogo. Ya saba bega likashuka, ya nane kiuno kikafuata, na chuma kikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichotoa vumbi kwenye bati. Mama alibaki amepiga goti, kiganja chini, uso umekuwa wa majivu. Alisema neno moja, polepole: "Mgongo."

Mwalimu alikuja mbio. Akampita. Akainama kwenye lile birika jekundu, akaligeuza, akapitisha kidole palipobanduka rangi.

Nimeona uchafu mwingi pale ghalani, lakini huo ndio niliobaki nao. Mengine yote maji yaliyatoa.

Baada ya wiki moja mume wa yule mama alishuka na mzee mmoja wa usharika wao. Walikuja kwa heshima, kofia mikononi. Mke wake hawezi kugeuka kitandani, alisema yule mume, na wao hawajaja kushtaki, wanataka tu kujua ilikuwaje ili wajue la kumweleza daktari. Mwalimu aliwapa viti.

"Alikuja hapa akiwa mgonjwa tayari," alisema. "Nilimpa chuma kidogo kabisa, cha kuanzia. Chuma hakina kosa. Fundi huyu alikuwepo, mwulizeni."

Wote wawili walinigeukia. Mwalimu hakunigeukia. Alikuwa ameshika kopo lake, anangoja, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba ameshika na mgongo wangu pia. Nilifikiria kiti changu, cherehani yangu, saa nane mchana. Nilifikiria kwamba nikisema, kesho sina pa kwenda. Haya ni mawazo ya haraka kuliko ninavyoyaandika.

"Nilikuwa naangalia upande mwingine, baba," nilimwambia yule mume. "Sikuona vizuri."

Alinishukuru. Ndiyo, alinishukuru, akavaa kofia yake, wakaondoka kuwahi gari la Makanya.

Niliendelea kwenda ghalani kama wiki mbili hivi. Halafu siku moja nikiwa nimeinama, nimekaza tumbo, nilishindwa kuvuta pumzi. Haikuwa harufu. Nililiweka birika chini, nikachukua taulo langu, nikatoka. Hakuniuliza naenda wapi. Baadaye nilisikia mama yake amefariki na ghala amelifunga. Msibani sikwenda.

Ilinichukua miezi mitano kupanda Suji. Niliteremka Makanya, nikachukua pikipiki, na njia nzima, kona baada ya kona, nilijipangia maneno. Nilikuta nyumba chini ya migomba, imefagiliwa, na moshi wa makande ukitoka jikoni. Nikabisha hodi huku nazunguka ukuta kuelekea uani.

Mwalimu alikuwa pale.

Alikuwa amekonda. Amesimama pekupeku kwenye udongo, ugoro mdomoni. Mama wa Suji alikuwa mbele yake, amesimama, fimbo imeegemezwa ukutani, na kati ya nyayo zake kulikuwa na kidumu cha lita tano chenye maji kidogo chini. Mumewe alikaa kwenye kigoda akichambua maharage.

"Shikamoo mama. Shikamooni," nilisema.

"Marahaba," mama alijibu. "Karibu, fundi. Subiri kidogo tumalize."

Akarudisha nyonga nyuma, vidole vikafika kwenye kidumu, akavuta pumzi, akasimama nacho. Ilimchukua muda mrefu. Mwalimu hakumgusa. Alipokiweka chini, Mwalimu alijifuta kidevu kwa nyuma ya mkono, akanigeukia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekaribisha mgeni kwake.

"Unaona anavyoendelea. Na alikuja kwangu akiwa mgonjwa tayari."

Mume aliendelea na maharage yake. Mama alitazama chini. Nikajua maneno hayo yameshasemwa kwenye ua ule mara nyingi, na yameachwa yapite kama kuku wanavyoachwa kupita. Damu ilinipanda kichwani.

"Alikuja mzima, mwenye kiuno kinachouma tu," nilisema. "Ulimpa lile jekundu mbele ya wageni wako, ukamwambia atembee nalo kwa mkono mmoja. Ukampa kisogo. Alipoanguka ulikwenda kuangalia rangi." Nikamgeukia mume. "Baba, niliona kila kitu. Nilikudanganya."

Mume aliacha kuchambua. Mwalimu alisimama mdomo umefunguka kidogo, na mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua aliumeza ule ute badala ya kuutema. Nililiona koo lake likishuka na kupanda, nikataka kutapika tena.

"Miezi mitano nimengoja mtu aseme," mama wa Suji alisema. Alichukua fimbo yake. "Sikumngoja yeye. Yeye nilimjua siku ile ile ya kwanza. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nilianza kuomba msamaha. Alininyamazisha kwa mkono.

"Kaa ule kwanza. Nitakujibu siku nyingine."

Tulikula makande, watu wanne, Mwalimu kwenye ngazi ya mlango na sahani yake magotini. Alikula kwa sauti kama alivyokula siku zote. Mama alimwongezea bila kumwangalia.

Jioni pikipiki ilikuwa moja, ikabidi tushuke pamoja mpaka Makanya, yeye katikati na mimi nyuma yake, uso wangu nimeugeuza nisivute harufu ya shati lake. Barabarani, tukingoja gari la Same, alikuwa wa kwanza kusema.

"Utawaambia na kule mjini?"

"Nitawaambia."

Malori mawili yalipita. Vumbi lilipotulia, akasema, "Waambie pia kwamba napanda huku kila Jumanne. Kwa miguu, siku nikikosa nauli."

"Nitawaambia na hilo."

Gari lilikuja, likiwa na nafasi moja. Alinipisha. Nilipanda, nikafunga dirisha, na sikugeuka kumtazama.